Geuza ampli uione mgongoni kabla hujaichomeka

Ampli yangu ya kwanza, ile mashine ya kukuza sauti ya muziki iende kwenye spika, niliiua kwa sekunde tatu. Niliinunua Kariakoo, mtumba wa Kijapani, chuma kizito, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto. Kufika nyumbani nikaichomeka ukutani. Ikalia "pu!", sebule ikajaa harufu, jirani akauliza nani anachoma plastiki.

Fundi hakuhitaji hata kuifungua. Aliigeuza tu, akanionyesha maandishi madogo mgongoni: AC 100V. "Mdogo wangu, umeme wa Japani ni volti mia moja. Wa kwetu mia mbili thelathini. Ulitaka ifanyeje?"

Siku hizi nikienda kununua siulizi wati kwanza, nageuza. Ikiandikwa 220 hadi 240, sawa. Ikiandikwa 100, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu nyingi zinazouzwa zinatoa 110, kwa vifaa vya Kimarekani. Ampli ya 100 ukiipa 110 itaimba, ila inachemka kupita kawaida yake, na kapasita za zamani, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, hazipendi hivyo. Tafuta transfoma inayotoa 100. Mgongoni pia pameandikwa ampli inakula wati ngapi. Ikiwa 250, mimi hununua transfoma ya 500.

Hukohuko nyuma, penye matundu ya spika, soma omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Spika mbili za omu 8 ukizifunga pamoja kwenye tundu moja zinageuka 4, na ampli isiyotaka chini ya 8 itazima, au itaungua. Watu wa sherehe za mtaani wanaongeza spika tu, kisha wanamlaumu aliyewauzia. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza upande mmoja besi inayeyuka, utadhani spika ni mbovu. Na nyuzi za waya zisokote vizuri. Uzi mmoja tu ukigusa waya wa pili, transista za ndani zinazosukuma sauti kwaheri. Kazi yote hii ampli iwe imechomolewa.

Joto sasa. Mke wangu aliishonea ampli kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, akakitandika juu ya matundu ya hewa na chombo cha maua juu yake. Tulinuniana siku mbili. Kitambaa kimehamia kwenye friji, ampli ina nafasi ya kiganja kizima juu na pembeni. Vumbi nalipiga kwa brashi laini nje tu. Ndani namwachia fundi, maana kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Kitufe cha sauti kikianza kukwaruza, zima, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Kisipopona, fundi apulizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Usitie mafuta ya cherehani! Fyuzi ikiungua weka ya ampia zilezile, ile karatasi ya pakiti ya sigara iache. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie, shusha sauti hadi sifuri ndipo uwashe.

Ile ya kwanza fundi aliifufua kwa fyuzi na kapasita mbili. Jioni inapiga taarabu, na transfoma yake inanguruma kidogo kando ya kabati.