Muulize Anti: Darasa letu limegawanyika kisa Muungano

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, mwaka wa pili, chuo naomba kisitajwe. Wengi ni watu wa Bara ila tunao Wazanzibari kadhaa na tulikuwa tunaishi vizuri tu. Juzijuzi kwenye semina ya DS (Development Studies) tukapewa mada ya Muungano, mmoja akasema Zanzibar inabebwa, wenzetu wakajibu Tanganyika ndio imevaa koti la Muungano, yaani Bara inajiendesha kwa jina la Muungano, basi ikawaka mpaka mwalimu akaahirisha. Usiku uleule ugomvi ukahamia WhatsApp, voisi ndefu ndefu, matusi ya dini, watu wakaigiza lafudhi za wenzao, wengine wakalefti. Nikafunga grupu admini tu ndio anaandika, nikatangaza siasa na dini marufuku. Sasa kumetulia kweli ila diskasheni zimegawanyika, kwenye vimbweta (meza za nje za kujisomea) wao kwao sisi kwetu, na mitihani ya UE hiyo inakuja. Kuna wanaosema niache hivyohivyo. Nifanyeje? (CR, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufunga grupu usiku ule ulifanya sawa, watu wakishafika kuigizana lafudhi hapo hamna mjadala tena. Ila sasa lifungue, na hilo tangazo la siasa marufuku lifute. Mada mmepewa na mwalimu, Muungano ndio nchi mnayoisomea, na nyie ni watu wazima mnaopiga kura. Halafu hao walionyamaza hawajakubaliana chochote, wamehamia kwenye magrupu yao madogo ambako hakuna wa kuwabishia, na huko ndiko mtu anazidi kuamini kwamba wa upande wa pili wote ni wabaya.

Anza na matusi, na usiyachanganye na hoja. Aliyesema Zanzibar inabebwa ametoa hoja, hata kama imewauma watu, huyo anajibiwa kwa hoja. Aliyetukana dini ya mwenzake au kuigiza anavyoongea huyo amekosea, amfuate aliyemtukana amwombe radhi uso kwa uso, sio kupost "samahani kwa wote walioumia" halafu basi. Kaa nao mmoja mmoja kabla hujaitisha kikao chochote, na anza na wa upande wako, la sivyo Wazanzibari watasema CR anawaonea wenzetu.

Baada ya hapo waite wachache, wanane wanatosha, wa pande zote, mkae chini kwenye kimbweta, simu mifukoni. Usiendeshe wewe kwa sababu wewe nawe ni wa Bara na kila mtu anajua, chagueni wawili, mmoja wa huku mmoja wa kule. Na mada isiwe "Muungano", hiyo ni kubwa mno, kila mtu ataleta hasira zake zote kwa mpigo. Chukueni kitu kimoja kinachoshikika. Kwa mfano malalamiko ya miaka mingi ya mizigo inayotoka Unguja kudaiwa tofauti ya kodi ikifika bandarini Dar, au malalamiko ya watu wa Bara kuhusu kumiliki ardhi Zanzibar. Kimoja tu, mpaka kiishe.

Sasa sharti ambalo mimi nalishikilia kuliko yote, usijibu hoja ya mwenzio mpaka uirudie kwa maneno yako na yeye akubali kwamba ndio, hicho ndicho nilichosema. Akikataa unarudia tena. Mwanzoni inachosha, watu watalalamika kwamba inapoteza muda, ila utaona wenyewe nusu ya ugomvi mtu alikuwa anabishana na kitu ambacho mwenzie hakukisema kabisa. Wakongwe wa Mlimani walibishana kwa maandishi, na mwaka 1976 Issa Shivji na Dani Nabudere, wote walimu wa sheria palepale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walivaana kuhusu tabaka na ubeberu, wakaingia na wengine akina Mamdani, makaratasi yakawa yanazunguka chuoni, moja linajibu lingine. Lugha ilikuwa kali kwelikweli, sidhani kama kuna aliyemshawishi mwenzie, lakini unapojibu karatasi unalazimika kwanza kulisoma, na mabishano yale yakakusanywa kuwa kitabu mwaka 1982, wanafunzi wakayasoma miaka iliyofuata. Voisi zenu za usiku ule nani atazisikiliza tena?

Na waambie walete takwimu, maana nyie mnagombana kana kwamba Bara yote inawaza hivi na Visiwani kote wanawaza vile. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni ya Katiba Mpya. Waliozungumzia muundo wa Muungano upande wa Bara, asilimia 61 walitaka serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), 24 mbili (ya Muungano na ya Zanzibar), 13 moja. Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazoshirikiana kwa makubaliano, na 34 serikali mbili. Angalia vizuri hapo, kwa waliotoa maoni wengi wa Bara nao walitaka mabadiliko, na zaidi ya theluthi ya Wazanzibari walitaka serikali mbili kama ilivyo. Hata wabunge waliodai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, wale wa G55, walikuwa wa Bara. Kwa hiyo darasani kwenu kuna Mbara na Mzanzibari wanaokubaliana na hawajui, kwa sababu kila mmoja amekaa kwenye kimbweta cha kwao.

Usitegemee watoke pale na msimamo mmoja. Bunge Maalum la Katiba lenyewe mwaka 2014 lilikwama hapohapo, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini mwezi Aprili, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, na kura ya maoni mpaka leo haijapigwa. Wewe unachotafuta ni kwamba wakibishana Jumatatu, Jumanne bado wanakaa diskasheni moja. Kwa hiyo kazi za makundi zinazokuja mwombe mwalimu agawe majina yeye, kwa kuchanganya.

SWALI: Anti habari. Mimi ndiye Mzanzibari pekee kwenye diskasheni yetu. Muungano ukitajwa tu wote wananigeukia, "eti nyie Wazanzibari mnataka nini?" Nimechoka, natamani nihame. (Wa Mchangani, Morogoro)

JIBU: Pole sana mwanangu, na kuchoka una haki. Wewe hukuchaguliwa kuwasemea Wazanzibari wote, na hao wanaokuuliza hakuna hata mmoja anayeulizwa Wabara wanataka nini. Wajibu hivi bila hasira: "Wazanzibari wanatofautiana, mimi binafsi naona hivi." Na siku huna hamu ya kuongea sema leo sitaki, inatosha, hudaiwi maelezo. Kabla hujahama mvute pembeni yule unayemwamini zaidi kwenye hiyo diskasheni, mweleze unavyojisikia wakikugeukia, mara nyingi wenzio hawajui kabisa kwamba wanakuumiza. Ukishasema na wakaendelea, hapo hama, na waambie kwa nini unahama.