Joto la mtambo wa umeme linafikaje majumbani?

SWALI: Habari za kazi ndugu mtaalamu. Mimi ni fundi bomba hapa Mwanza, jamaa yangu yupo Korea Kusini ananiambia baridi ikianza nyumba zinapashwa joto kwa maji ya kwenye mtambo wa umeme, na huo mtambo hauchomi kitu. Sasa joto linatoka wapi? Na kwetu inawezekana?

JIBU: Fundi, jamaa yako kasema kweli. Mitambo hiyo ni ya fyueli seli, yaani mashine zinazotoa umeme kwa kemia badala ya moto, na mmoja mkubwa sana upo Hwaseong, kusini mwa Seoul, ulikamilika mwanzoni mwa 2014, una mashine 21 zinazotoa karibu megawati 59. Gesi asilia inaingia, inatolewa hidrojeni humohumo, hidrojeni inaungana na oksijeni kikemia na umeme unatoka bila moto kuwaka (kabonidayoksaidi bado inatoka, maana chanzo ni gesi asilia). Ila kemia hiyohiyo inazaa joto jingi, mashine za aina hii zinafanya kazi kwenye nyuzi kama 650 za Selsiasi. Karibu nusu ya nishati inakuwa umeme, iliyobaki ni joto, ukiliacha linapaa angani na hela ya gesi ushalipa.

Hapo sasa ndo kwenye fani yako. Hewa ya moto inayotoka inapita nje ya vibomba vyenye maji ndani, havichanganyiki, maji yanapata moto halafu pampu inayasukuma kwenye bomba la chuma lililovikwa povu gumu na gamba la plastiki, limefukiwa ardhini mpaka kwenye maghorofa. Kule yanakabidhi joto kwa maji ya jengo yanayozunguka chini ya sakafu, Wakorea wanaita ondol, unavua viatu unakaa chini pana uvuguvugu. Yaliyopoa yanarudi mtamboni kwa bomba la pili.

Kwetu? Kulaza mabomba Mwanza nzima ili kupasha sakafu ni kutupa hela kabisa, hatuna baridi hiyo. Lakini joto lenyewe lina wateja, hospitali inafua mashuka kila siku, kiwanda cha maziwa kinachemsha kila siku, tena joto linaweza kuendesha hata mashine za kupoza majengo. Sharti mteja awe jirani, joto halisafiri mbali kama umeme. Na wazo si geni, kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi wanachoma makapi ya miwa, mvuke unazungusha tabo ya umeme kwanza ndo unaenda kuchemsha maji ya miwa yawe sukari.