Pampu mbili za petroli kwenye kigari cha kujiundia: mimi niling'oa moja

Mkuu, umesema kigari chako cha mtindo wa Lotus Seven (kile kigari chepesi cha michezo cha Kiingereza), chenye injini ya Ford Zetec 2.0, kina pampu mbili na kikopo cha akiba kando ya injini, kinanuka petroli na kila wiki unakaza klempu. Changu kilikuwa hivyohivyo. Nimekiunda hapa Uingereza, kwenye gereji ya nyumbani, na siku moja nilihesabu viungio vyote kuanzia tangini hadi kwenye injekta (vipua vinavyorushia injini petroli) nikapata 19. Kumi na tisa! Kila kimoja kinaweza kuvuja.

Tuelewane kwanza kikopo kile kina kazi gani, maana wengi wanakifunga kwa kuigana. Kabureta ina bakuli lake. Petroli ikiyumba kwenye kona na pampu ikameza hewa kidogo, injini wala haishtuki. Injekta hazina akiba hiyo. Hewa ikiingia kwenye reli, yaani bomba linalogawia injekta petroli, injini inamisi papo hapo. Kwa hiyo pampu ndogo inajaza kikopo, pampu ya presha inavuta kutoka chini yake, na ziada inarudi tangini. Wazo si baya. Ubaya ni kukiweka kikopo jirani na ekzosi: petroli inazunguka mle, inapata moto, na mvuke hauna subira. Nadhani harufu yako inatoka hapo.

Mimi niliihamishia kazi ya kikopo ndani ya tangi. Nilichomeleshewa tangi jipya la alumini (la zamani sikutaka liguswe na moto, tangi lililowahi kubeba petroli ni bomu hata likionekana kavu), na sakafuni mwake kuna kisanduku chenye vimlango vinavyoruhusu petroli kuingia na kuizuia kutoka. Pampu ya presha inakaa humo. Pembeni ya tangi nikafunga filta ya Corvette ya 1999 hadi 2003, ambayo ina regyuleta (kidhibiti presha) ndani yake na inashikilia psi 58, yaani bar 4 hivi. Ina midomo mitatu: wa kuingizia, wa kurudishia tangini, na wa kupeleka mbele. Njia ya kurudi ni fupi kuliko mkono wangu. Kwenda kwenye injini ni bomba moja tu. Regyuleta ya kwenye reli nikaitoa, tundu lake nikaliziba. Viungio vya nje vimebaki 8.

Sasa hapa usikimbie. Presha yangu ya zamani ilikuwa bar 3. Ukipanda hadi 4, injekta inamwaga zaidi kwa asilimia 15 hivi, kwa sababu mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha. Tena regyuleta hii haina mpira wa kuiunganisha na manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini), hivyo gari likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa, mvuto wa hewa humo unafanya injekta ione hata zaidi ya bar 4. Kontroli boksi yangu (kompyuta ya injini) inaruhusu kubadili ramani, yaani jedwali la kiasi cha petroli, nikapunguza hasa upande wa mzigo mdogo. Kama unatumia kontroli boksi ya Ford isiyofunguka, usinifuate kwenye hili. Baki na regyuleta yako na mpira wake, uhamishe pampu tu.

Pampu nayo usinunue kwa sifa. Zile za lita 255 kwa saa zinasifiwa sana, lakini injini ya farasi 130 hata ikikanyagwa hadi mwisho inakula kama lita 40 kwa saa. Zilizobaki zinazunguka bure na kupasha tangi moto.

Kosa langu mimi lilikuwa la pauni chache. Mpira mfupi kati ya pampu na mfuniko wa tangi nilikata kwenye mpira uleule wa daraja la R9 niliotumia nje. R9 ni mzuri kwa petroli ya sasa yenye ethanoli asilimia 10, ila haukutengenezwa kuzamishwa. Miezi michache baadaye gari likaanza kuzima nikikanyaga sana barabara kuu. Nikisimama kidogo, linawaka. Nilibadilisha rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu), nikabadilisha pampu, nikalaumu ramani. Nilipofunga geji kwenye reli nikaona presha inaporomoka hadi bar 2. Kufungua tangi, mpira umevimba kama sambusa iliyolala kwenye supu, umepasuka, petroli inarushwa ndani kwa ndani. Ndani ya tangi dai mpira ulioandikwa 30R10, hata kama bei yake inaudhi.

Umeme kwa kifupi: rilei iamriwe na kontroli boksi ili injini ikizima pampu nayo ife, swichi ya ajali (inayokata pampu gari likigonga) usiiache, na waya wa ethi ukwangulie rangi mpaka chuma king'ae. Betri chomoa kabla hujagusa chochote, na fanyia kazi nje.

Ukiweka picha ya juu ya tangi lako nitaona kama lina tundu la kupitisha mkono. Kama halina, kabla ya kutengenezesha jingine hamishia kikopo nyuma, jirani na tangi, mbali na ekzosi, uone harufu inasemaje.