Siku sita: Mikumi, Ruaha na Serengeti?

SWALI: Tunatoka Dar es Salaam mwezi wa saba, watu wazima wawili na watoto wawili, kwa gari letu. Tuna siku sita. Tutaweza kufika Mikumi, Ruaha na Serengeti?

JIBU: Serengeti iacheni, ndugu. Mtamaliza likizo barabarani na watoto wachoke bure. Mikumi ni takriban kilomita 300 kutoka Dar. Laleni hapo usiku mmoja. Kisha Iringa, kilomita 200 hivi, na kutoka Iringa hadi Msembe, ndani ya Ruaha, ni kama 130, sehemu kubwa vumbi na makorongo. Jazeni mafuta Iringa na mkague tairi la akiba kabla ya kuondoka mjini.

Kwa anayelala ndani, kibali cha hifadhi huhesabiwa saa 24, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Anayeingia saa 4 asubuhi huanza kuhesabiwa jua likipanda, wanyama wamejibanza vivulini. Ingieni saa 8 mchana: mtapata jioni yote, mtalala ndani, na asubuhi yake tangu saa 12 mtakuwa mtoni, ambako tembo na simba husogea kwa sababu maji ya kiangazi yamepungua. Ruaha ipeni usiku mbili, inastahili.

Bebeni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, la sivyo kudai kiingilio cha raia kutawasumbua langoni. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, huvuta mbung'o.