Kipini kuna nini? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Assalam aleikum. Sisi huku Kisauni hatujambo, ila joto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Wasema Desemba unamleta mke wako, na kwamba Fort Jesus na ufuo wa Nyali ameshavichoka, ataka kuona Kipini alikozaliwa mama mkwe wake. Kisha ukaniuliza, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kwenda: "Mama, lakini Kipini kuna nini?" Kuna mto. Hayo mengine nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, zamani haukuishia Kipini. Ulikuwa ukimwaga maji yake upande wa magharibi zaidi, kwenye ghuba hiyo hiyo ya Ungwana. Kipini ilikuwa na mto wake mwingine, Ozi, mfupi, unaopandwa na maji ya bahari mpaka ndani huko Kau. Basi zama za Sultan Ahmed Simba wa Witu, watu wakachimba mfereji pale Belezoni kuiunganisha mito miwili, ili mitumbwi yenye mpunga na pembe itoke Tana iingie Ozi bila kulazimika kupambana na mawimbi nje. Mfereji wenyewe ulikuwa mwembamba. Lakini maji yakishaonyeshwa njia hayaambiwi yapite kiasi. Mafuriko yakaupanua, na mwishoni mwa karne ya 19 Tana ikahamia humo. Mto mkubwa wa nchi hii wafika baharini kwa njia iliyofunguliwa kwa majembe! Watu husafiri kwenda kuutazama mfereji wa Suez, na wa Belezoni hakuna anayeutaja hata shuleni.

Huyo Ahmed Simba alikuwa Mnabahani, wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate, aliyekorofishana na masultani wa Unguja akajichimbia msituni Witu, akawapokea na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Ili asimezwe na Unguja akajitia chini ya Wajerumani mwaka 1885. Witu hata stempu za posta ilikuwa nazo. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza, katika mapatano yale yale yaliyowapa wao kisiwa cha Heligoland, na aliyeulizwa Witu hakuna. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba Admirali Fremantle akashusha jeshi Kipini, wakapanda hadi Witu wakaichoma. Mkipita Witu mtaona mji wa soko tu, wenye miembe na pikipiki. Msishuke kutafuta kasri.

Mke wako akipenda magofu, mpeleke Ungwana, karibu na Kipini, palipokuwa na mji wa mawe wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa. James Kirkman, yule mwanaakiolojia aliyechimba magofu ya Gede, alipachimba pia miaka ya 1950. Lakini usitarajie Gede. Hakuna njia zilizofagiliwa. Kuna vichaka, mbu, na kuta zilizokumbatiwa na mizizi. Mimi naona nusu saa yatosha.

Lakini kwa Fumo Liongo, yule shujaa mshairi wa hadithi, mchukue muda. Watu wa Ozi na Kipini husema kaburi lake liko kwao, na mtaonyeshwa. Aliishi lini wanazuoni hawajakubaliana. Ila mashairi anayohusishwa nayo yamehifadhiwa katika miswada ya kale, na kisa chake kila mtoto wa mwambao wa kaskazini alilazwa nacho. Nawe nilikusimulia, ukasinzia kabla ya mwisho. Mfalme alimwogopa kwa nguvu zake akamtia gerezani. Mamake akamtuma kijakazi Saada na chakula, na walinzi wakawa wanakila kile kizuri na kumwachia makombo. Mama akaoka mkate wa pumba akatia ndani tupa ya kukatia chuma. Walinzi walipouona wa pumba wakautema: "Mpe huyo." Liongo akaomba watu wampigie ngoma ya gungu, na kelele zilipopanda naye akakata minyororo. Mimi hupenda pale pa mkate kuliko vita vyake vyote. Waliomshika walikuwa na silaha, wakashindwa na mwanamke aliyejua kwamba walafi hawagusi pumba.

Mwishowe aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa amchome sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Akaamka, akatwaa uta, akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale umeelekea watu. Mji ukakaa na kiu, hakuna anayethubutu kusogea, mpaka mamake alipokwenda kumbembeleza na mwili ukaanguka. Alikuwa ameshakufa kitambo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mgeni hupita asilione. Wajua mpunga wa Ozi humwagiliwa na bahari? Maji yakijaa, bahari huusukuma mto urudi nyuma. Ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Matamu huelea juu, nayo ndiyo yanayopanda ukingo na kuingia mashambani kwa vijitaro. Hakuna pampu wala dizeli. Mkulima huangalia mwezi: siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, hufungua tope mdomoni mwa mtaro, maji yakianza kupwa huziba. Nyanya yako alikuwa haamini mwezi peke yake. Alikuwa akichuchumaa ukingoni, anachota kwa kiganja, anaonja, anatema, anangoja kidogo, anaonja tena, ndipo amwambie mjomba wako "fungua." Chumvi kidogo tu shambani, na mpunga wa mwaka umekwenda.

Hesabu hiyo yataka mto wenye nguvu ya kuisukuma chumvi nje. Na hapa ndipo wewe wa Nairobi unapoingia. Juu huko Tana imezibwa kwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, ikazibwa Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Taa unayosomea barua hii huenda imewashwa na maji hayo, na maji mengi mnayotumia mjini hutoka bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, nao ni mkono wa Tana. Sisemi mkae gizani wala msioge. Nasema yanayobaki ndiyo yatufikiayo sisi wa mwisho, na mvua ikikosa hayatoshi kuizuia bahari. Chumvi sasa hupanda kuelekea vijijini, mashamba ya mpunga huachwa, miembe ya wazee hukauka imesimama. Halafu mafuriko yakija, kama ya El Nino mwaka 1997, huja yote pamoja na kubeba mpaka kuku.

Hata kamba mnaowalipia pesa nyingi hotelini wahusika. Ghuba ya Ungwana ina kamba kwa sababu Tana huleta tope na chakula kutoka bara, na watoto wao hukulia kwenye mikoko. Kwa hiyo meli za kukokota nyavu huja hapo hapo walipo wavuvi wetu wa madau, na ugomvi wao ni wa miaka.

Mwaka 2012 delta ilitiwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa duniani. Mwaka huo huo Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji, waliuana kwa ajili ya mashamba, malisho na njia za kufikia maji. Watu wengi walikufa. Basi ukiwa huko usifanye maskhara ya makabila mezani.

Mwambie mkwe wangu pia kwamba wimbo wa taifa alioimba shuleni kila asubuhi, sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Akikutana na mama yeyote wa Kipokomo amwombe amwimbie wa kwake. Hawajivungi.

Njia yenyewe ni ndefu. Toka Mombasa mapema, pumzikeni Malindi, kisha Garsen, Gamba, Witu. Zamani Garsen hapakuwa na daraja, basi likipandishwa kwenye pantoni, na kila mtu na dua yake. Sasa ni lami mpaka Witu, ila mkiiacha barabara ya Lamu kushika ya Kipini ni vumbi, na mvua ikinyesha ni tope. Vitambulisho viwe mfukoni, mtasimamishwa na askari. Karibu na Garsen tazameni majini, mtaona mwari na korongo wengi.

Kipini yenyewe mtaimaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri. Paliwahi kuwa makao ya wilaya wakati wa Mwingereza, kabla hayajahamishiwa Hola. Sasa ni msikiti, maduka, madau na nyavu zilizoanikwa. Mji si wa kutazama. Kodisha boti mpande mto hadi Ozi, mpite kwenye mikoko mpaka muone inakoishia na miti ya bara inapoanza. Chagua siku za bamvua na uondoke maji yakijaa, la sivyo mtakwama kwenye fungu la tope mkisukuma. Bei mpatane kabla hamjapanda. Viboko wakijitokeza, nahodha akisema rudi, rudini, usijitie ujuzi wa mjini. Na mke wako asining'inize mkono majini, mamba wapo.

Embe zitakuwa zimeanza. Nataka ngowe, si zile za apple, na uzitie kwenye kapu la ukindu, si mfuko wa plastiki.

Mamako