Maswali ya Wasomaji: Utando wa Risasi Ndani ya Mtutu wa Rivolva

Maswali manne ya toleo hili yanahusu vichwa vya kumimina, yaani visivyo na koti la shaba, vinavyoacha utando ndani ya mtutu. Ili tusichanganyane, "kichwa" ni kile kinachoruka, "katriji" ni kichwa pamoja na ganda lake, na "madini" ni risasi yenyewe inayoyeyushwa.

SWALI: Nina rivolva ya .357 Magnum, lakini mara nyingi nafyatua .38 Special yenye vichwa vya kununua vya greni 158. Pakiti inasema ugumu ni 18 kwa kipimo cha Brinell. Nikimaliza katriji 50 hivi naona michirizi ya kijivu kwenye sentimita mbili za mwanzo wa mtutu, upande wa silinda. Si mingi, na shabaha bado nzuri. Nimeshauriwa ninunue vichwa vigumu zaidi. Ni kweli vitasaidia?

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Huenda vikaongeza tatizo.

Angalia kwanza madini yameganda wapi. Yakianza palepale kwenye koni, pale kichwa kinapotoka kwenye silinda na kuingia mtutuni, ujue gesi ya moto inapenya pembeni ya kichwa. Hukwangua na kuyeyusha ukingo wake, halafu inarusha madini hayo mbele nayo yanagandamana na chuma. Gesi hupenya kwa sababu kuna mwanya. Ama kichwa ni chembamba kuliko mtutu, ama ni kigumu mno kiasi kwamba msukumo wa baruti haukitanui kuuziba.

Anza na wembamba, maana ndio unaosumbua wengi. Mtutu wa .38 na .357 kwa kawaida una kipenyo cha inchi 0.357 (milimita 9.07) ukipima ndani ya mifereji (mikato ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa, yenye matuta katikati yake), na kichwa kinatakiwa kiwe 0.358. Lakini kabla ya kufika huko hupita kwenye koo la chemba, ile sehemu nyembamba ya mbele ya kila tundu la silinda, na koo ndilo linaloamua. Koo likiwa 0.356, hata kichwa cha 0.360 kitaminywa humo na kuingia mtutuni kikiwa kinapwaya.

Hakikisha silaha haina kitu, itoe silinda, isafishe, kisha chukua kichwa kitupu na ukisukume kwenye kila koo kwa kidole gumba. Kikipita kwa kukaza kidogo, uwiano wa kichwa na koo ni mzuri. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba kwa silinda hiyo. Kikigoma, koo limebana. Jaribu matundu yote, kwani hutokea moja likatofautiana na mengine.

Sasa mtutu. Paka mafuta kidogo ndani, chukua donge la madini laini kabisa lililozidi kidogo tundu, ligonge liingie kwa kupitia mdomo wa mtutu, kisha lisukume hadi upande wa silinda kwa fimbo ya shaba. Usitumie fimbo ya chuma, itakwaruza mifereji. Usitumie ya mti mwembamba pia, hupasuka na kujikaza humohumo. Lisukume polepole na usikilize mkono wako: likienda laini njia nzima halafu likakaza ghafla karibu na fremu, mtutu umebanwa pale ulipofungwa kwa hesi. Hapo kuna mtego, kwani donge hilo limetoka na kipimo cha sehemu iliyobanwa, wala si cha mtutu wote. Chukua donge la pili, liingize sentimita chache tu kupitia mdomoni, kisha lirudishe nje kwa fimbo fupi iliyopitishwa kwenye nafasi ya silinda.

Pima kwa maikromita, kwani venia ya kawaida haitoshi kwa tofauti ndogo hizi. Mtutu ukiwa na mifereji mitano, kama ilivyo kwa rivolva nyingi za Smith & Wesson, hata maikromita ya kawaida itakudanganya kwa kuwa mfereji unatazamana na tuta. Basi lipitishe donge lenyewe, lile la pili, kwenye makoo ya silinda. Likipita bila shida, makoo hayajazidiwa na mtutu. Likikwama, umeshapata mchawi wako.

Vipimo vikiwa sawa, ndipo tuzungumzie ugumu. Kuna kanuni ya makadirio wanayoitumia wanaomimina vichwa: zidisha namba ya Brinell kwa 1,422, utapata msukumo wa pauni kwa inchi ya mraba unaoanza kukitanua kitako cha kichwa. Kwa 18 ni kama 25,600. Kikomo cha .38 Special ni 17,000, na katriji nyingi za mazoezi ziko chini ya hapo. Kwa hiyo kichwa chako hakitanuki hata kidogo. Kilichoandikwa 10 hadi 12 kingekufaa zaidi. Madini matupu ni 5 hivi na aloi ya linotype (ile ya herufi za kupigia chapa) ni 22, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ipo.

Kwa kuwa utando wako ni mdogo, maliza kwanza pakiti ulizonazo kwa njia hii. Grisi ngumu ya rangi inayowekwa viwandani hutengenezwa istahimili safari, na kwa msukumo mdogo hailainiki vya kutosha. Ongeza juu yake tabaka jembamba la mafuta ya majimaji ya aina ya Alox. Pasha chupa kwenye maji ya moto, weka vichwa 100 kwenye bakuli la plastiki, dondosha matone machache, zungusha mpaka vyote ving'ae, kisha visimamishe kwenye karatasi ya kuokea vikae usiku kucha. Rangi iwe ya dhahabu iliyofifia. Ikiwa kahawia umezidisha: vitanata, vitafuka moshi, na uchafu utajazana kwenye dai, yaani kifaa cha kukandamizia kichwa ndani ya ganda. Mara nyingi michirizi kama yako huisha kwa hatua hii peke yake.

Jambo moja la usalama kwa kuwa chemba zako ni za .357. Ganda la .38 ni fupi, hivyo mbele yake hujengeka pete ya masizi na madini. Isugue yote kabla ya kuweka katriji za Magnum. Pete ikibaki, mdomo wa ganda refu hubanwa humo, kichwa hakiachiwi vizuri, na msukumo hupanda.

SWALI: Naondoaje madini yaliyokwisha kuganda? Wengine wanasema nifyatue vichwa vichache vyenye koti la shaba, wengine wanasema siki na haidrojeni peroksaidi.

JIBU: Yote mawili acha. Mtutu wenye madini ni mwembamba kuliko kawaida, na kulazimisha kichwa chenye koti kipite humo kunapandisha msukumo. Pia sehemu ya madini husagwa tu ikashikamana zaidi na chuma. Mchanganyiko wa siki na peroksaidi ni mbaya kuliko huo: huyageuza madini kuwa asetati ya risasi, sumu inayoyeyuka majini, na hula chuma pamoja na rangi yake ya bluu.

Tafuta nyuzi za kusugulia sufuria zilizo shaba tupu. Zijaribu kwa sumaku, na zikinasa ni chuma kilichopakwa shaba, ziache. Kata kipande, kizungushe kwenye brashi ya zamani mpaka ikaze mtutuni, lowesha kwa mafuta ya kupenyeza, acha dakika 15, kisha sugua kwenda na kurudi. Vipande vya madini vitatoka vikimetameta kama karatasi ya fedha. Usisugue pakavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Vaa glovu, fanyia kazi penye hewa, tupa vitambaa mara moja, na nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto.

SWALI: Namimina mwenyewe. Kwangu koni ni safi, madini yanaonekana sentimita tatu za mwisho, karibu na mdomo wa mtutu. Vichwa ni 0.358 na koo ni 0.358.

JIBU: Grisi yako inaisha njiani. Tazama uso wa mdomo wa mtutu baada ya kufyatua: grisi ikitosha, utaona nyota ya grisi laini imejichora kufuata mifereji. Ukiona pakavu na peusi, ongeza. Hakikisha mfereji wa grisi ulio kwenye kichwa umejaa mzunguko wote bila pengo, au hamia kwenye grisi laini zaidi. Mchanganyiko wa nusu nta ya nyuki na nusu Alox ni wa zamani na bado unafanya kazi. Kama unafyatua za Magnum kwa kasi kubwa, tumia kalibu ya kichwa chenye kikombe cha shaba kitakoni.

Kagua na vitako pia. Ukingo wa kitako uwe mkali na kamili. Ukiwa wa mviringo, kalibu haikujaa: ipashe zaidi, au ongeza bati lifike asilimia 2 ya aloi. Na tone la maji lisifike kamwe kwenye chungu, kwani hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni.

SWALI: Vichwa vyangu ni 0.358 nikivipima mezani. Nilipong'oa kimoja kutoka kwenye katriji iliyokamilika nikakuta 0.356. Imekuwaje?

JIBU: Ganda lako limekiminya. Kipanuzi, yaani kifaa cha kupanua ganda kabla ya kuweka kichwa, kikiwa kimetengenezwa kwa vichwa vyenye koti hupanua ganda kidogo mno kwa vichwa laini. Tafuta kipanuzi cha vichwa vya kumimina, kinachoingia ndani zaidi na kuzidi kidogo kwa unene. Kama unabana mdomo wa ganda kwa dai yenye pete ya kabaidi, nayo ishukiwe: pete hiyo hupita juu ya katriji nzima na kuminya kichwa kikiwa ndani. Tumia dai ya kawaida ya kukunja mdomo, ukunje juu ya mfereji uliowekwa kwa kazi hiyo, kisha ng'oa kingine upime upya kabla hujajaza pakiti nzima.