Madumu ukutani, ndiyo sanaa gani hiyo?

SWALI: Kijana wangu anasoma sanaa chuoni. Likizo hii ametundika madumu mabovu ya maji sebuleni, eti ni sanaa ya kisasa. Wageni wakimuuliza maana yake anajibu, "Inategemea na anayetazama." Mimi naona takataka tu. Nimepitwa na wakati, au nadanganywa?
Mama, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Mama yangu, hujapitwa na kitu. Jibu la mwanao hata mimi silipendi, na nimefundisha uchoraji hadi nikastaafu. Ni kichaka cha kujifichia.

Ila madumu yenyewe usiyadharau. Yuko msanii wa Benin, Romuald Hazoumè, anayeyageuza vinyago: mpini unakuwa pua, mdomo wa dumu unakuwa mdomo wa mtu. Kazi yake La Bouche du Roi ina madumu 304 yaliyopangwa sakafuni kufuata mchoro wa meli ya watumwa, na iko mikononi mwa British Museum ya London. Kwa nini madumu, si ndoo? Kwao ndiyo yanayobeba petroli ya magendo kutoka Nigeria. Wanaoisafirisha huyapasha moto yatanuke, yabebe zaidi, yakichakaa yanatupwa. Mtumwa naye alifanyiwa hivyohivyo. Dumu lilishakuwa na habari yake kabla msanii hajaligusa.

Sasa shusha moja la hapo kwako uliangalie vizuri. Huenda utakuta jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi lisichanganywe kwenye foleni ya bomba, kitako kimezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kisu cha moto, na chini ya kifuniko kipande cha nailoni lisivuje. Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi muulize kijana: viraka na majina ameviacha vionekane, au amevipaka rangi? Mpangilio ule ni foleni, au ametundika pale misumari ilipokuwa? (Michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, nayo haina maelezo chini yake, lakini aliyechora twiga aliamua kuchora twiga.) Mgeni ana haki ya kuona lake, sawa, ila msanii lazima awe ameamua jambo kwanza.

Akiwa na majibu, mwachie ukuta mpaka likizo iishe. Akibabaika, yaliyo mazima yashushe ukachotee maji, yaliyotoboka abaki nayo aendelee kufikiri.